Mursik Iliyokataa Kuganda

Kibuyu kilipofunguliwa, harufu ilimfikia Inspekta Bochaberi kabla ya maziwa yenyewe. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango wa jikoni. Yeye ni Mkisii, na kwa miaka yote aliyofanya upelelezi hapa Litein hajawahi kupatana na mursik, maziwa ya mgando ya Wakipsigis. Lakini asubuhi hii ya Jumatatu alinyoosha mkono mwenyewe akaomba kikombe.

"Hii ni ya lini?" aliuliza.

"Ya Jumanne iliyopita," alisema Chepkurui, binti wa Rebeccah, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya chuo na sasa ndiye aliyekamua ng'ombe wa mama yake. "Mama akimaliza kukamua anajaza kibuyu kwanza. Yenye inabaki ndiyo inaenda shule. Siku hiyo mimi ndiye nilishika kibuyu, yeye akimimina."

"Jumanne ile ya Zack?"

"Hiyo hiyo."

Maziwa yalishuka kikombeni mazito, yenye rangi ya majivu mepesi kwa ajili ya mkaa wa mti wa senetwet ambao Wakipsigis huusugua ndani ya vibuyu vyao. Bochaberi alifumba macho akanywa. Uchachu ulimbana taya zote mbili. Dakta Oyaro, daktari wa mifugo aliyekuja naye, alimtazama akacheka bila huruma.

"Unacheka nini? Imeganda vizuri au haijaganda?"

"Imeganda kabisa. Hii ni mursik ya kupelekea wakwe."

"Basi Rebeccah hana hatia," alisema Bochaberi.

Oyaro aliacha kucheka. Jumanne ya wiki iliyopita, mtoto anayeitwa Zack alikunywa kikombe cha maziwa katika shule ya msingi iliyo juu ya barabara, akavimba uso na koo papo hapo, akakimbizwa hospitali akiwa hapumui vizuri. Zack ni mmoja wa wale ambao penisilini kwao ni sumu. Mabaki ya maziwa yalipopimwa, dawa hiyo ilikuwemo. Maziwa yalikuwa yametoka katika mkebe wenye jina la Rebeccah ubavuni. Kila mfugaji anajua kwamba ng'ombe akitibiwa kwa penisilini, maziwa yake humwagwa mpaka dawa iishe mwilini, na anayeyauza anafanya kosa. Rebeccah alikamatwa Jumamosi. Alasiri hii angesomewa mashtaka katika mahakama ya Kericho.

"Fikiria," Bochaberi alisema, akimpa Oyaro kikombe. "Penisilini inaua vijidudu vya ugonjwa. Vile vinavyochachusha maziwa itaviacha?"

"Haiviachi. Maziwa yenye dawa nyingi namna ile hayagandi. Yanakaa tu."

"Na haya yalitoka kwenye ndoo moja na yale ya Zack, saa ile ile. Yakaganda."

Oyaro alilamba mdomo, akafikiri. Ni mtu mwepesi wa utani na mzito wa kukubali. "Kortini watakuambia kibuyu ni kibuyu. Wakili atauliza nani alikijaza, na lini, na shahidi wako ni binti wa mshtakiwa."

"Najua. Ndiyo maana natafuta mahali dawa ilipoingilia. Haikuingilia hapa. Iliingilia njiani." Alimgeukia Chepkurui. "Mkebe unabebwa na nani?"

"Kimutai. Wa pikipiki."

Walimkuta Kimutai barabarani chini ya kituo cha majani chai, amefunga mikebe pande zote mbili za pikipiki, anapiga mluzi. Ni kijana mrefu, mchangamfu, wa kusalimiana na kila mtu. Alipoona gari la polisi limesimama mbele yake, mluzi ulikatika.

"Chamgei, Kimutai," alisema Bochaberi. "Fungua hilo sanduku la nyuma nione."

"Madam, hiyo ni spana tu na raincoat."

"Basi nionyeshe spana."

Kimutai alifungua, akarudi nyuma, halafu akageuka akatoka mbio. Aliruka mtaro, akaingia kwenye chai. Ndani ya sanduku, chini ya koti la mvua, kulikuwa na sindano na chupa ndogo ndogo zimefungwa kwa gazeti.

Oyaro alikuwa ameshaanza kumfukuza. Bochaberi alimshika shati.

"Wacha. Atatokea wapi?"

Shamba la chai si mahali pa kukimbilia, na mtu aliyelelewa hapa angekumbuka hivyo kama hofu isingemtangulia. Mimea imesongamana hadi kiunoni na huwezi kuikata katikati. Unafuata kijia cha wachumaji, na kijia cha wachumaji kina mwisho mmoja, kule wanakopeleka vikapu. Bochaberi aliingia kwenye gari, akazunguka taratibu, akaegesha mbele ya kituo cha majani. Wachumaji walikuwa wamesimama wima na vikapu mgongoni, wakifurahia sinema ya bure. Mama mmoja alikuwa akimwelekeza Kimutai kwa sauti kubwa: "Endelea tu, wanakungoja!"

Alitokea akihema, suruali imelowa umande, akajikuta uso kwa uso na inspekta ameegemea boneti.

"Umechoka?" Bochaberi alimuuliza.

"Sana, madam."

Oyaro alifika na zile chupa mkononi. Furaha ilikuwa imemwisha. "Si penisilini," alisema. "Ni oksitosini. Homoni. Hospitali wanampa mama anayejifungua. Huyu anadungia ng'ombe wa watu ili washushe maziwa haraka."

"Wananiita wenyewe," Kimutai alisema. "Ng'ombe akifunga maziwa, mtu anakimbia kazi ya chai, hana time ya kumbembeleza. Nadunga, inashuka, anaenda. Mimi nasaidia tu."

"Unasaidia?" Oyaro alikasirika kikwelikweli. "Ng'ombe akizoea hiyo sindano hashushi tena bila sindano. Na hiyo moja unadunga zizi hadi zizi bila kuichemsha. Nusu ya viwele vilivyovimba huku mlimani, nafikiri ni mkono wako."

Bochaberi alizitazama zile chupa. Alikuwa amemkimbilia mwenye kosa jingine. Oksitosini haikumvimbisha Zack. Kimutai angeshtakiwa kwa chupa zake, sawa, lakini hilo lisingemtoa Rebeccah. Na hapo simu ikalia. Alikuwa Konstebo Kebaso, aliyewasindikiza mahabusu Kericho.

"Madam, huyu mama wako anasema atakubali kosa."

"Akubali nini?"

"Amesikia wengine huku chini wakisema ukikubali unapewa faini unaenda nyumbani. Anasema amechoka. Na hakimu leo anaenda mbio, tunaweza kuitwa kabla ya lunch."

"Mwambie asiseme neno."

"Nimemwambia. Ananiangalia tu."

Bochaberi alikata simu. Mama ambaye kibuyu chake kilikuwa kimemtetea kuliko wakili yeyote alikuwa anakwenda kujifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Akishakubali, jina lake litabaki limechafuka hata kama dunia nzima itakuja baadaye kuomba msamaha. Nani angenunua tena maziwa kwa mtu aliyekiri kuwalisha watoto dawa?

"Kimutai," alisema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Kutoka kwa Rebeccah mpaka shule, unasimama wapi?"

"Sisimami."

"Kabisa?"

"Labda kwa mwenyekiti. Chai tu."

"Mwenyekiti gani?"

"Benard. Wa ushirika wa maziwa." Kimutai alijipangusa jasho. "Zamani hata salamu alikuwa hanipi. Siku hizi ananiita kila asubuhi, ingia kijana, kunywa chai. Sasa chairman akikuita chai, utakataa?"

"Na mikebe?"

"Inabaki kwa gate."

Bochaberi na Oyaro walitazamana. Benard ndiye aliyepitisha ile sheria kali katika ushirika: maziwa ya kila mwanachama yapimwe kituoni, na atakayekutwa na dawa afukuzwe bila kusikilizwa. Maziwa yote hupimwa, ila ya mkebe mmoja. Ule wa Rebeccah hauendi kituoni. Huenda shule moja kwa moja.

"Ingia kwenye gari," Bochaberi alimwambia Kimutai. "Leo tutakunywa hiyo chai pamoja."

Boma la Benard liko mahali pazuri, nyasi zimekatwa, zizi lina sakafu ya simenti, na sebuleni kuna vikombe vya mfugaji bora vimepangwa juu ya kabati. Mwenyewe aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili. Kimutai alikuwa ameachwa garini, nyuma ya ua, na askari wawili walioitwa kutoka kituo cha polisi.

"Karibuni sana. Hii kesi ya Rebeccah imetuumiza wote," alisema. "Mama mzuri, lakini sheria ni sheria."

"Ni kweli," alisema Bochaberi. "Nimekuja kujifunza kwa mfugaji anayejua. Wewe ng'ombe wako hawaugui?"

"Waugue na nini? Usafi. Tangu Krismasi hakuna sindano imeingia hapa. Daktari ni shahidi."

"Kwa kweli hujaniita," Oyaro alikubali.

Bochaberi aliketi, akavua kofia, akaiweka gotini. Katika nchi hii mgeni wa heshima haondoki bila kupewa mursik, na mwenyekiti wa maziwa hawezi kukosa. "Mzee," alisema, "nimetoka Kisii nikiogopa mursik yenu. Leo nimeionja mara ya kwanza. Wanasema ya kwako ndiyo yenyewe."

Benard alijaa kifuani. "Mama watoto," aliita. "Leta mursik."

Phelis, mkewe, alitokea kwenye mlango wa jikoni. Ni mwanamke wa makamo, nadhifu, lakini macho yake yalikwenda sakafuni. "Hakuna," alisema.

"Hakuna namna gani? Kuna vibuyu vimejaa."

"Bado haijakuwa tayari."

"Ya wiki jana haijakuwa tayari? Leta, wageni wasikuone hivyo."

Aliileta. Alimimina polepole, akiwa amegeuza uso, na Bochaberi alielewa kabla kikombe hakijajaa. Yalitoka maziwa mepesi kama ya chai, na vipande vya mkaa vikielea juu. Hayakuwa na harufu ya kumrudisha mtu nyuma. Oyaro aliinama akaonja, akaweka kikombe chini.

Benard alipandwa na damu usoni. "Unaona aibu unayoniletea? Mama yangu alisema huyu hajui kuosha kibuyu, nikamtetea. Mwanamke mzima."

"Nimeosha," Phelis alisema. "Nimeosha nikachoma senetwet mpya. Nimeazima hata kibuyu kwa jirani. Kila nikijaza, inakataa. Mama yako amewaambia wamama wote kanisani mimi ni mchafu. Hata kwa harusi ya dada yangu nimeogopa kubeba."

"Mama," Bochaberi alisema taratibu, "si kibuyu. Na si wewe."

Phelis aliinua uso.

"Maziwa yenye dawa ya sindano hayagandi. Hata ukiyatia kwenye kibuyu cha nyanya yako. Ilianza lini kukataa?"

"Phelis, nenda jikoni," Benard alisema.

Phelis hakwenda. Alikuwa akimtazama inspekta, na uso ulikuwa unabadilika mbele yao, aibu ya siku zote hizo ikigeuka kuwa kitu kingine. "Tangu ile ya madoa ivimbe kiwele," alisema. "Aliidunga mwenyewe usiku. Akaniambia ni vitamini."

"Daktari, pima," alisema Bochaberi.

Oyaro alikuwa tayari amefungua mkoba. Kwa kuwa maziwa yalikuwa bado hayajaganda, yangeweza kupimwa kama ya asubuhi. Alidondosha kidogo kwenye kichupa, akatia kile kikaratasi cha kupimia. "Mistari miwili ikitokea, maziwa ni safi," aliwaeleza. "Ukitokea mmoja tu, kuna dawa."

Walingoja. Bochaberi alihesabu pumzi zake ili asiitazame saa. Kericho kulikuwa mbali na Rebeccah angeweza kuwa amesimama kizimbani sasa hivi. Mstari wa juu ulitokea, mwekundu, wazi. Wote wanne waliinamia meza, hata Benard. Mahali pa mstari wa chini palibaki peupe.

"Hiyo inaonyesha ng'ombe wangu ametibiwa," Benard alisema hatimaye. "Si kosa. Maziwa nilimwaga."

"Ulimwaga wapi?"

"Chini."

"Hapana," Phelis alisema. "Ulimwaga kwa mkebe wa Rebeccah." Alisema bila kupandisha sauti, akiwa amesimama wima katikati ya sebule yake na kibuyu mkononi. "Kimutai alikuwa anakunywa chai hapa. Nilikuona kwa dirisha. Ulimimina yake kwa ndoo yetu ya kupeleka kituoni, ukamimina yetu kwa mkebe. Nikakuuliza, ukasema ni mambo ya ushirika, wanawake hawaelewi. Hata baada ya mtoto kuugua uliniambia ni Rebeccah amedunga, nikakuamini."

"Unajua unasema nini?"

"Nasema kibuyu changu ni kisafi."

Benard alikaa. Alianza kueleza kwamba hakujua kuna mtoto wa namna hiyo, kwamba watoto wengine wote walikunywa na hawakudhurika, kwamba mwenyekiti hawezi kufukuzwa kwa sheria aliyoipitisha mwenyewe. Ng'ombe mmoja tu, alisema, kwa siku chache tu. Bochaberi alimsomea haki zake huku akimfunga pingu, na kwa mara ya kwanza wiki nzima mikono yake ilikuwa myepesi.

"Mama, utarudia hayo kwa maandishi?"

"Nitarudia kwa hakimu," alisema Phelis. "Ngoja nichukue leso."

Bochaberi aliacha askari wawili wakae na Benard na Kimutai, akamchukua Phelis, akaendesha mwenyewe. Hakumbuki vizuri barabara ile. Anakumbuka kijani cha chai pande zote mbili, honi, na Oyaro kiti cha nyuma akiomba kwa Kikisii, mtu ambaye haonekani kanisani. Alimpigia mwendesha mashtaka simu na haikupokelewa. Alimpigia Kebaso, naye alijibu kwa kunong'ona: "Ameitwa, madam. Wanasoma."

Walipoingia, Rebeccah alikuwa kizimbani, mama mfupi mwenye sweta ya bluu, mikono ameikunja tumboni. Karani alikuwa amemaliza. Kwenye benchi la mbele alikaa Mwalimu Janefer, mama yake Zack, aliyeandikisha malalamiko.

"Umesikia mashtaka," hakimu alisema. "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," alisema Rebeccah.

Bochaberi alisimama katikati ya ukumbi, mguu mmoja hewani.

Hakimu alikuwa na kalamu mkononi lakini hakuandika. "Kweli ulimdunga ng'ombe ukauza maziwa?"

"Hapana, mheshimiwa. Sijadunga." Rebeccah alitafuta maneno. "Lakini mtoto alikunywa kutoka kwa mkebe yangu. Iko na jina langu. Hiyo ndiyo nasema ni kweli."

"Huko si kukubali kosa, mama."

Bochaberi alikuwa ameshafika kwa mwendesha mashtaka na kumwinamia sikioni. Yule bibi alisikiliza, akamtazama Phelis mlangoni, akatazama kikaratasi alichoonyeshwa na Oyaro, akasimama. Upande wa mashtaka, alisema, unaomba kuiondoa kesi, kwani mtu mwingine amekamatwa leo kwa kosa hilo. Hakimu aliuliza maswali mawili matatu, akaandika. Kisha akamwambia Rebeccah yuko huru kwenda.

Rebeccah hakuondoka. Ilibidi Kebaso amshike mkono na kumteremsha.

Nje kwenye baraza, Phelis alimsogelea Rebeccah, naye Rebeccah akamgusa bega tu. Halafu Mwalimu Janefer akatokea. Ndiye aliyesimama mbele ya wazazi wote shuleni akamwita huyu mama muuaji.

"Zack amekula leo," alisema. "Wali."

"Namshukuru Mungu," alisema Rebeccah. "Nimekuwa nauliza, hakuna mtu alikuwa ananiambia."

Janefer alikaza kamba ya mkoba begani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mama, nilikukosea. Kesho lete maziwa shule."

"Hao watoto hawatakunywa. Wataogopa."

"Nitakunywa mimi wa kwanza, mbele yao, kikombe kizima."

Rebeccah alifikiri. "Mkebe wangu uko kwa polisi."

"Ni kielelezo, mama," Bochaberi alisema. "Utakaa kidogo."

"Nitakuletea wangu jioni," alisema Janefer.

Rebeccah alimtazama kuanzia kiatu hadi kichwa, jinsi mfugaji anavyomtazama mtu ambaye hajawahi kukamua.

"Basi uoshe na maji moto," alisema. "Na kifuniko pia."